Kwa nini vyombo vya anga mezani vinapigana kama manowari? Wacheza dadu tujadili

#1 Chombo_Huru (Tabata)

Wakuu salaam.

Sisi ni wanne. Tunakutana sebuleni kwangu kila Jumamosi ya pili, tunaondoa sahani, tunatandika shuka jeusi juu ya meza ya chakula na kupigana vita vya anga za juu kwa kanuni za Full Thrust. Vyombo vyetu ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi. Juu ya kila kizibo nimebandika mshale wa karatasi ili ijulikane pua iko wapi. Kanuni zenyewe wenye mchezo walishaziachia bure mtandaoni, kwa hiyo gharama yetu ni dadu, kalamu na chai.

Jumamosi iliyopita alikuja mdogo wangu, ambaye siku zote anacheza vita vya baharini tu. Akatazama raundi tatu kimya, halafu akaniuliza: "Kaka, hizi si manowari zilezile? Zina ubavu wa kulia na wa kushoto, zinakata kona, zinajipanga mstari, zinapigana ubavu kwa ubavu. Mlichobadilisha ni shuka."

Nilitaka kumbishia, nikakosa la kusema. Angani hakuna maji, hakuna upepo, hakuna juu wala chini. Chombo kinaweza kwenda mbele huku pua imetazama kilikotoka. Iweje basi karibu kila mchezo wa vita vya anga ninaoujua uishie kuwa vita vya majini? Naomba majibu yenye nyama.

#2 Dadu_Tatu

Ngoja waje wajuzi. Nimeshaweka kambi hapa.

#3 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Mkuu Chombo_Huru, jibu lako umelitandikia shuka. Ni meza. Meza ina urefu na upana, basi. Ukiondoa kimo, kinachobaki ni uso wa bahari.

Ila nikurekebishe kidogo. Full Thrust ina mwendo wa aina mbili. Huo mnaocheza ninyi ni wa kisinema. Chombo kinabaki na kasi yake raundi hadi raundi, lakini kikigeuka, kasi yote inageuka nacho, kama mashua iliyopindishwa usukani. Hapo ndipo harufu ya chumvi inapotokea. Mwendo wa pili ni wa vekta. Huko pua ni jambo moja na safari ni jambo jingine. Ukitaka kusimama, unawasha injini kinyume kwa nguvu ileile uliyotumia kushika kasi. Meli ukizima injini, maji yatakufungia breki. Angani hakuna wa kukufungia.

Chezeni vekta raundi sita halafu mrudi hapa.

#4 MkaziWaLeeds

Ticha yuko sahihi kwenye fizikia, lakini mimi naona historia ndiyo iliyozaa jambo hili. Michezo ya manowari ilitangulia.

Fred T. Jane wa Uingereza alitoa mchezo wake wa vita vya majini mwaka 1898, mwaka uleule alioanza kutoa kitabu chake cha meli za kivita za dunia nzima. Namna ya kupiga shabaha kwenye mchezo ule mimi naipenda sana. Unawekewa mbele picha ya meli ya adui, nawe unaigonga kwa kibao chenye sindano. Sindano ile haikuwekwa katikati ya kibao, makusudi, ili hata mwenye jicho kali asiwe na hakika itatua wapi. Kisha miaka ya 1930 kule New York, Fletcher Pratt na wenzake walikuwa wanalala sakafuni na meli za mbao, kila mtu anakadiria kwa macho ni inchi ngapi hadi kwa adui, anaandika, halafu inapimwa kwa futi ya kupimia.

Watu waliokulia kwenye michezo ya aina hiyo ndio waliokuja kutengeneza ya anga. Walichukua walivyokuwa navyo: karatasi ya meli yenye visanduku vya kukata kila ukipigwa, pembe za mizinga, amri za siri zinazoandikwa kabla ya kusogea. Star Fleet Battles ya 1979 ina karatasi za meli ambazo mcheza manowari hahitaji kufundishwa kuzisoma. Klabuni kwetu huku, wa manowari na wa anga ni watu walewale, wanatoa dadu kwenye boksi moja.

#5 Ticha_Fizikia

MkaziWaLeeds amesema: *Michezo ya manowari ilitangulia.*

Sawa, lakini Triplanetary ilitoka 1973, miaka sita kabla ya hiyo Star Fleet Battles, na ilikuwa ya vekta tangu mwanzo. Unachora mstari wa safari yako kwenye ramani, raundi inayofuata mstari uleule unajirudia, nawe unaruhusiwa kuusogeza ncha kidogo tu kwa mafuta uliyonayo. Ukipita jirani na sayari, mvuto unakuvuta kisanduku kimoja. Kwa hiyo waliofika mapema walijua kabisa anga ikoje. Waliokuja baadaye wakarudi baharini kwa hiari yao. Historia yako haielezi hilo.

#6 MkaziWaLeeds

Umenibana, nakubali. Ila jiulize ni meza ngapi leo zinachezewa Triplanetary, na ni ngapi zilichezewa ile michezo mingine. Watu walipiga kura kwa miguu.

#7 Binti_Malindi (Unguja)

Yakhe, mbona lugha yenyewe ilishaamua zamani? Nyote hapo juu mnaandika "chombo". Chombo kwetu ni jahazi, ni mashua, ni ngalawa. Mwenye chombo ni nahodha, na wa angani mnamwita nahodha vilevile. Hata rubani, kabla ya ndege, ni yule aliyeingiza meli bandarini kwa kuwa anaijua miamba. Ndege zilipokuja tukampandisha juu, na kazi yake ikabaki ileile.

Mtu akikaa mezani na kusema "chombo changu kinageuka", kichwani mwake kinageuka kama anavyojua vyombo vinageuka. Mimi naona jibu liko hapo, si kwenye meza.

Na kuna jingine. Hiyo ya kupigana ubavu kwa ubavu ni ya zama za matanga. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kwake yeye swali la kwanza daima lilikuwa upepo uko wapi, nani yuko joshini (upande upepo unakotoka) na nani yuko demani (upande unakokwenda). Wa joshini ndiye anayechagua lini mkutane. Michezo ya anga imechukua mizinga ya ubavuni, ikauacha upepo ambao ndio uliokuwa ukiipa mizinga ile maana. Battlefleet Gothic ya 1999, meli zake zina pua za kugongea na safu za mizinga mbavuni, lakini hazina haja ya kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Ndiyo maana mimi nikiicheza naona kama ngoma imekosa msondo.

#8 Dadu_Tatu

Dada Binti_Malindi umeua. Kuanzia leo mimi angani nitakwenda joshini.

#9 Chombo_Huru (Tabata)

Ahsanteni, uzi unanoga. Dada, hoja ya lugha imenigusa, ila Waingereza nao wanasema "meli ya anga" kwa lugha yao, na wao ndio walioandika kanuni. Kwa hiyo hoja yako ni ya dunia nzima, si ya Kiswahili peke yake. Sijui hilo linaitia nguvu au linaipunguza.

#10 Fundi_Risasi (Mombasa)

Hamjambo wote. Mimi nacheza manowari tu, anga sijaigusa, lakini hoja ya Ticha kwamba meza inafanana na bahari naipinga. Meza haifanani hata na bahari.

Chukueni manowari Königsberg ya Wajerumani na Pegasus ya Waingereza, pale Zanzibar Julai 1915. Meli ninazopaka rangi ni za kipimo cha moja kwa 3,000. Königsberg ilikuwa na urefu wa kama mita 115, kwa hiyo mezani kwangu ni sentimita 3.8, fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Ilifungua mizinga ikiwa umbali wa kilomita 8 hivi. Kwa kipimo kilekile hizo ni mita 2.7 za meza! Pegasus ingebidi niiweke barazani. Basi tunadanganya: meli kipimo kimoja, umbali kipimo kingine. Hakuna anayelalamika, kwa sababu sentimita 3.8 ndizo zinazotupa raha ya kuona bomba tatu za moshi na mlingoti.

Nikizipaka naanza kwa kusugua mabaki ya risasi (madini, si ya bunduki) kwa tupa ndogo, naosha kwa sabuni, rangi ya kijivu, halafu wino wa kahawia uliozimuliwa uingie mifereji ya sitaha. Mlingoti ni unywele mmoja wa brashi ya viatu. Bahari ni karatasi laini ya chooni iliyolowekwa gundi na kukunjwa kwa kijiti. Mwaka jana mzigo wangu ulikaa ghala moja wiki sita, na ulipofika meli mbili zilikuwa zimepinda. Nilizinyoosha kwenye maji ya moto, na moja mpaka leo inakwenda upande kidogo.

#11 Binti_Malindi (Unguja)

Fundi, kazi yako ya mikono naiheshimu, lakini tarehe umekosea. Pegasus ilipigwa hapa bandarini kwetu alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Ilikuwa imetia nanga, injini zinashughulikiwa, haikuweza kuondoka. Julai 1915 ni Rufiji, Königsberg yenyewe ilipomalizwa.

Na kilichoimaliza Pegasus si ukubwa tu. Mizinga yake minane ya inchi 4 haikufika. Risasi zilikuwa zinaanguka majini kabla ya kumgusa adui, wakati Königsberg yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5 inafika bila taabu. Ikanyamazishwa ndani ya dakika chache.

#12 Fundi_Risasi (Mombasa)

Ahsante dada, nimechanganya tarehe mbili. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus iko hapa Fort Jesus, na mimi napita hapo kila wiki, ni aibu kukosea. Wajerumani waliitoa mizinga ya Königsberg melini baada ya Rufiji, wakaifunga magurudumu na kupigana nayo nchi kavu.

#13 Mjukuu_wa_Ziwa (Kigoma)

Mmesahau ziwa. Nami nina jibu la nne.

Tarehe 26 Desemba 1915 hapa Tanganyika, boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliikimbiza Kingani ya Wajerumani. Boti zile zilikuwa na urefu wa kama mita 12 na zilivutwa nchi kavu kutoka kusini mpaka ziwani. Kingani mzinga wake ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma. Waingereza wakaja kwa nyuma, wakaiteka, wakaipa jina Fifi. Februari 1916 ikawa zamu ya Hedwig von Wissmann, hiyo ikazama.

Nimetengeneza pambano hilo kwa kartoni na kulicheza na wanangu zaidi ya mara ishirini. Sasa tazameni X-Wing, ile ya 2012 ya vijichombo vya anga. Unachagua mwendo kwa siri kwenye kidude cha kuzungusha, wote mnafunua, na kazi yote ni kumweka adui ndani ya pembe iliyo mbele ya pua yako huku wewe ukikwepa ya kwake. Ni Kingani tupu. Kwa hiyo si bahari wala anga. Mchezo wowote wa vyombo ni wa PEMBE: nani anamtazama nani, na nani hawezi kugeuka haraka. Ukiondoa pembe huna mchezo, una watu wawili wanaorusha dadu. Vekta kamili inaua pembe, maana kila mtu anazungusha pua atakapo. Watunzi wameliona hilo, wakarudisha usukani.

#14 Dadu_Tatu

Mkuu wa Kigoma, na ile Liemba si ndiyo iliyozamishwa na hao hao Mimi na Toutou?

#15 Mjukuu_wa_Ziwa (Kigoma)

Hapana mkuu. Liemba wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, na hizo boti hazikuthubutu kuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanaondoka Kigoma, na kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Baba yangu alisafiri nayo mara nyingi, na alikuwa akisema usiku ukilala sitahani unasikia chuma kinapumua.

#16 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Mjukuu_wa_Ziwa, jibu lako zuri kuliko langu la kwanza, ila nusu yake silikubali. Vekta haiui pembe, inazihamisha. Kwenye vekta huwezi kubadilisha unakokwenda upesi, lakini unaweza kubadilisha unakotazama. Kinachokuponza ni safari uliyoianza raundi tatu zilizopita. Hilo ni fumbo gumu kuliko usukani, na nadhani ndiyo sababu watu wengi hulikimbia.

Kuna na umbali. Ukiamua sentimita 1 ni kilomita 1,000, Dunia mezani ni mpira wa sentimita 12.7, na Mwezi uko karibu mita 3.8 kutoka hapo. Ukitaka vita kati ya Dunia na Mwezi lazima mhamie ukumbini. Kwa hiyo hata anga nayo, kama meli za Fundi, haitoshi mezani bila uongo.

#17 Mzamiaji (Muscat)

Nawasalimu kutoka Oman. Mimi naona wote mmesahau kujificha. Bahari ina giza, ukungu, visiwa, mikoko na nyambizi. Raha ya vita vya majini ni kutojua.

Liverpool mwaka 1942 palikuwa na kitengo cha jeshi la majini la Uingereza, chini ya Kapteni Gilbert Roberts, kilichochezesha maofisa vita dhidi ya nyambizi. Uwanja ulikuwa sakafu. Wasichana wa jeshi la majini walisogeza meli na kuchora njia zake kwa chaki. Ofisa anayecheza alikaa nyuma ya turubai, anachungulia kwenye tundu, ili aone kile tu ambacho angekiona akiwa melini. Njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani, ambayo ukiwa kule tunduni huioni vizuri. Mbinu walizozigundua pale sakafuni zilipelekwa Atlantiki na kutumika.

Sasa mimi mezani kwangu naweka kadi zilizofunikwa, mbili za kweli na nne tupu. Vita vya anga vingi navyo vimechukua hizo kadi. Je, angani kuna kujificha?

#18 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Hakuna, au kidogo sana. Chombo chenye watu na injini kina joto, na anga nyuma yake ni baridi kali. Kitang'aa kama jiko la mkaa kwenye shamba usiku. Kadi zilizofunikwa angani ni ukungu wa bahari ulioazimwa.

#19 Mzamiaji (Muscat)

Basi umejibu swali la mwenye uzi mwenyewe, ticha. Anga ya kweli inaondoa kujificha, inaondoa kona, inaondoa upepo. Watunzi wanarudisha kimoja kimoja kutoka baharini kwa sababu bila hivyo hakuna cha kuamua. Bahari ndiyo iliyojaa maamuzi.

#20 Mama_Shughuli

Samahani wakuu, naingilia. Mwanangu ana miaka 12, amesoma uzi huu simuni kwangu na sasa hanipi nafasi. Nianze na nini bila kununua vitu vya bei?

#21 Chombo_Huru (Tabata)

Karibu sana dada. Vizibo kumi, dadu sita za kawaida, rula, karatasi za mistari. Kila chombo mchoree safu za visanduku, hiyo ndiyo miili yao. Silaha ya msingi ya Full Thrust ni mwali: ukirusha 1 hadi 3 umekosa, 4 au 5 unakata kisanduku kimoja, 6 unakata viwili. Mwali wa daraja la pili unarusha dadu mbili adui akiwa ndani ya inchi 12, na moja kati ya 12 na 24. Kama meza ni ndogo tumia sentimita badala ya inchi. Mwambie aandike amri yake kabla hajamwona mwenzake anakwenda wapi, na msibadilishe baada ya kuandika. Kwenye kuandika ndiko mchezo uliko.

#22 MkaziWaLeeds

Hapo pa kutobadilisha uandike kwa wino mwekundu. Niliwahi kucheza mashindano ya klabu moja, dadu zangu zikazamisha meli ya mwandaaji, naye akaamua meli yake "imejeruhiwa tu" kwa kuwa mchezo ungeisha mapema. Sikurudi tena.

Na jambo hilo lina kisa kikubwa. Mei 1942 Wajapani walicheza mezani mpango wao wa kushambulia kisiwa cha Midway, ndani ya manowari Yamato. Dadu zikatoa mabomu tisa ya kupata shabaha na meli mbili za kubeba ndege kuzama, Akagi na Kaga. Admirali Ugaki, aliyeusimamia mchezo, inavyosimuliwa na aliyekuwepo, akapunguza tisa yakawa matatu, na mchezo ukaendelea. Mwezi uliofuata huko Midway meli zao za kubeba ndege zilizama zote nne.

#23 Dadu_Tatu

Ndiyo maana naitwa Dadu_Tatu. Dadu ikishatua, imetua.

#24 Fundi_Risasi (Mombasa)

Nirudi kwa Mzamiaji kuhusu maamuzi. Nimewahi kuandaa vita vya Rufiji, vya Julai 1915 (safari hii tarehe ni sahihi dada). Severn na Mersey ni meli za Waingereza za maji mafupi, hazikuhitaji hata mita 2 za kina, ndiyo maana ziliweza kuingia delta ambako manowari kubwa zilibaki nje. Königsberg iko ndani nyuma ya mikoko, haonani na adui. Yeye ana watu nchi kavu wanaomwelekeza, na wao wana ndege kutoka Mafia inayowaambia risasi imeanguka wapi. Tarehe 6 Mersey ikapigwa, wakarudi nyuma. Tarehe 11 wakarejea na kuimaliza.

Mezani kwangu niliwaketisha wachezaji vyumba viwili, mimi nikawa ndege, nakimbia katikati nasema "fupi, kushoto". Hawakuonana saa mbili nzima. Ilikuwa vita vya majini bila bahari, bila mstari, bila ubavu kwa ubavu. Sasa mtu aniambie: hiyo si inafanana na vita vya anga za kweli kuliko hivyo vizibo?

#25 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Inafanana kwa umbali, ndiyo. Kwa kujificha, hapana. Lakini wazo la vyumba viwili naliiba.

#26 Chombo_Huru (Tabata)

Wakuu, nimerudi na matokeo. Jumamosi tumecheza vekta kama Ticha alivyoagiza. Kila kizibo tulikipa punje ya hindi: unaweka punje pale ambapo mwendo uliobaki unakupeleka, halafu injini inakuruhusu kuisogeza punje kidogo, kisha kizibo kinaifuata.

Raundi mbili za kwanza watu waligombana na punje zao. Raundi ya tatu mdogo wangu alikuwa na kasi 14, amenipita kabisa, nikajua nimemkwepa. Akakizungusha kizibo, mshale ukanitazama mimi, huku chombo kinaendelea kwenda nyumanyuma kuelekea ukingo wa meza. Akanirushia dadu nne mgongoni. Sita mbili, tano moja. Nilikata visanduku vitano na kumtazama tu. Halafu punje yake ikamvuta mpaka nje ya meza, akashindwa kurudi. Tulipotea wote wawili.

Nikamwambia, "Haya, hiyo nayo ni manowari?" Akafikiri, akasema: "Kaka, hiyo ni ngalawa kwenye mkondo. Pua inatazama huku, maji yanakupeleka kule."

Nimekosa la kusema kwa mara ya pili. Ticha?

#27 Binti_Malindi (Unguja)

Mpeni huyo kijana chai. Ukivuka kutoka Nungwi kwenda Pemba, mkondo unavuta kaskazini, basi nahodha omo (pua ya chombo) anaielekeza kusini ya pale anapokwenda. Asiyejua akimtazama anadhani amepotea. Babu alikuwa akisema chombo kina nyuso mbili, unaotazama na unaokwenda. Vekta yenu hiyo tunayo siku zote.

#28 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Subirini. Mkondo unabeba vyombo vyote vilivyo humo kwa pamoja, wewe na adui yako sawasawa. Angani kila chombo kimebeba mwendo wake peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#29 Binti_Malindi (Unguja)

Na adui akiwa nje ya mkondo, ticha? Nyuma ya kisiwa, maji yametulia?

#30 Ticha_Fizikia (Morogoro)

Nipe mpaka kesho.

#31 Mama_Shughuli

Kijana ameshamaliza vizibo kumi. Anauliza punje ya hindi inaruhusiwa kuwa ya popcorn au lazima mbichi.

#32 Chombo_Huru (Tabata)

Mbichi dada. Ya popcorn inapeperushwa na feni, tumeshajaribu.